Washa maandishi ya televisheni

Msikilizaji, kama nyumbani kuna babu anayeomba sauti ya televisheni iongezwe kila taarifa ya habari, chukua rimoti ya king'amuzi. Tafuta kitufe kilichoandikwa SUB au SUBTITLE. Kisipokuwepo, ingia kwenye mipangilio, upande wa lugha. Maneno yanayosemwa yatatokea chini ya kioo, mradi kituo kimeyarusha. Na hapo ndipo penye kazi, maana vituo vyetu vingi havirushi. Nchini Kenya, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ilivitaka viweke mkalimani wa lugha ya ishara au maandishi kwenye habari na vipindi vya elimu. Kiziwi hulipia king'amuzi sawa na sisi! Kituo unachokitazama kisipoyaweka, kipigie simu uyadai.