Kijana Aliyejifungia Chumbani

Leo twataka kusema na wazazi ambao nyumbani mwao yumo kijana wa miaka 14 au 16 aliyenyamaza. Hapigani, hatoroki usiku, halewi. Amenyamaza tu. Na kwa kuwa hana fujo, hakuna anayeuliza habari zake, wala hakuna anayewauliza wazazi wake wamelalaje.

Mama mmoja alitujia baada ya ibada, akangoja mpaka watu wote walipoondoka. Mwanawe alikuwa amerudi kutoka shule ya bweni likizo ya Aprili, na tangu siku hiyo alishinda chumbani. Chakula alikila watu wakiwa wamelala. Sahani ndiyo iliyomwambia mama asubuhi kama mtoto amekula. Shule zilipokaribia kufunguliwa, alishikwa na tumbo, akatapika. Kwenye zahanati hawakuona ugonjwa. Baba akasema ni uvivu. Shangazi akasema ni mkono wa mtu. Jirani, naye ni Mkristo mwenzetu, akasema nyumba yenye maombi haipatwi na mambo hayo.

"Mchungaji," mama akasema, "nikimwombea nasikia kama ninashtakiwa mimi."

Huyo mama alikuwa amebeba mizigo miwili, wa mtoto na wa maneno ya watu. Ule wa pili ni sisi Wakristo tuliomtwika. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba katika kila vijana 7 wa miaka 10 hadi 19 duniani, mmoja ana tatizo la afya ya akili, na hofu na huzuni ni katika yale yaonekanayo sana. Basi tukiwa na darasa la kipaimara la vijana 28, si ajabu wanne kati yao wakawa wanaumwa hivyo, na wazazi wao wameketi katika viti vilevile tunavyoketi sisi.

Si kila mtoto mkimya ni mgonjwa. Wako walioumbwa wapole, na ujana nao hutaka faragha. Lakini mtoto aliyependa mpira akauacha, akawaacha na rafiki zake, usingizi ukamkimbia au ukamzidi, na hali hiyo ikaendelea wiki mbili na zaidi, huyo anahitaji msaada. Tena lile tumbo la asubuhi ya shule si uongo. Hofu hukaza misuli, huenda mbio na moyo, huvuruga tumbo. Maumivu ni ya kweli ingawa daktari haoni kidonda. Watu wengi hulaumu simu. Huenda simu ni kichaka anachojifichia, lakini ulizeni kwanza anajificha nini. Pengine anaonewa bwenini. Pengine ni karo, amerudishwa nyumbani mara tatu mbele ya wenzake. Pengine ni ugomvi wenu ninyi wawili, anaousikia kupitia ukutani.

Someni tena habari za Eliya katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Mtu huyu alikuwa ametoka kushinda pale Karmeli, lakini aliposikia tisho la Yezebeli alikimbia. Alipofika Beer-sheba alimwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani peke yake, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Angalieni alivyotendewa. Malaika hakumhubiria. Alimgusa, akamwonyesha mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha mara ya pili ale. Baadaye, kule Horebu, Mungu alimwuliza swali lilelile mara mbili, naye akatoa malalamiko yaleyale mara mbili, neno kwa neno, wala hakukatizwa. Kisha akapewa mwenzake, Elisha. Ni wazazi wangapi kati yetu wawezao kusikiliza lalamiko moja mara mbili bila kusema, "Hayo umeshasema"?

Basi tuanze na mkate. Mtoto akila usiku, mwekeeni chakula bila masimango. Baba naye asingoje mtoto aje kuripoti sebuleni kama mbele ya chifu. Vijana wengi husema vizuri zaidi mikono ikiwa na kazi na macho yakitazama kwingine. Pukuchueni mahindi pamoja, osheni pikipiki pamoja, mwende naye kukata majani ya ng'ombe. Siku ya kwanza hatasema neno. Nendeni tena kesho.

Hata hivyo msimwachie hofu nyumba nzima. Kila anapokimbia jambo, hofu hupungua kwa saa ile, lakini kesho hurudi na nguvu zaidi. Kumburuta kwa nguvu nako humvunja. Njia ni hatua ndogo: leo afike uani, keshokutwa dukani, wiki ijayo amwone mwalimu mmoja anayemwamini, kabla ya kurudi darasani.

Na tafadhali, msimsimamishe mbele ya kanisa katika kesha ili watu mia wamzunguke kwa sauti. Kwa mtoto anayeogopa macho ya watu, hayo ni mateso. Mwombeeni nyumbani, kwa upole, naye akiwa amekubali.

Akisema heri asingezaliwa, au akianza kugawa vitu vyake, msimkemee. Mwulizeni waziwazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo. Humpa nafasi ya kulitua. Msimwache peke yake, na fungieni mbali vidonge na dawa za mifugo na mimea. Zamani wazazi walificha mambo haya kwa kuogopa polisi. Lakini Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, chapingana na Katiba. Mpelekeni hospitali ya kaunti mkaeleze yote. Simu ya watoto, nambari 116, hupokelewa saa zote bila malipo, na mzazi pia aweza kuipiga.

Akina Mama wa kanisa, na wanaume wa KAMA, mkiwatembelea wazazi hawa pelekeni sukari na muda wenu, si ushuhuda wa mtoto wa fulani aliyepona kwa siku tatu. Mkisikia siri, isigeuke kuwa ombi la Jumatano mbele ya watu arobaini. Rafiki za Ayubu walikaa naye siku saba pasipo kusema neno, na hakuna jema walilofanya kupita hilo.

Tuombe. Ee Bwana, uliyempelekea Eliya mkate kabla ya kumpa kazi, uwaonekanie usiku huu wazazi wanaosikiliza mlango uliofungwa. Uwape usingizi, na mtu wa kukaa nao. Amina.