SUKARI, UZITO NA TUMBAKU KABLA YA UPASUAJI WA UTI WA MGONGO
(Matini kamili ya mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Mazungumzo ya leo yanahusu jambo ambalo huwatia wagonjwa wa mgongo unyonge mkubwa. Mtu hupangiwa siku ya kupasuliwa, akajitayarisha yeye na jamaa zake, kisha daktari akamwambia arudi nyumbani kwanza kwa kuwa sukari yake ipo juu. Wapo wanaoona wamekataliwa, wakavunjika moyo na kuacha kuhudhuria kliniki. Na wapo wanaokwenda kutafuta pengine atakayekubali kuwapasua upesi. Madhumuni ya maelezo haya ni kubainisha kwamba kuahirishwa huko ni sehemu ya tiba yenyewe.

Upasuaji wa uti wa mgongo si mdogo. Mgonjwa hulazwa kifudifudi, mara nyingi kwa muda wa saa kadhaa. Daktari hupita katikati ya misuli minene hadi kwenye pingili, akaondoa kile kinachobana mishipa ya fahamu. Pengine hulazimika kuziunganisha pingili kwa skrubu na vyuma ili mfupa mpya uote na kuzishika pamoja. Mfupa huo huchukua miezi mingi kukomaa. Kwa hivyo kazi ya daktari humalizika siku moja, lakini kazi ya mwili ndiyo kwanza inaanza, na mwili huifanya kwa hali ile uliyokuwa nayo siku ya kuingia chumba cha upasuaji.

Tuanze na sukari. Sukari inapozidi katika damu, chembe nyeupe zinazopambana na vijidudu hulegea, na mishipa midogo inayopeleka damu kwenye jeraha huharibika. Jeraha huchelewa kufunga na hupata usaha kwa urahisi zaidi. Vijidudu vikifika kwenye vyuma hujishikiza hapo na kujifunika utando ambao dawa hupenya kwa shida. Mgonjwa huyo huenda akalazimika kupasuliwa tena ili kusafishwa, na kutumia dawa za kuua vijidudu kwa wiki nyingi. Aidha, upasuaji wenyewe hupandisha sukari, kwani mwili ulioshtuka hutoa homoni zenye kuipandisha, hata kwa mtu asiye na kisukari. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, lilishauri sukari idhibitiwe wakati wa upasuaji kwa wagonjwa watu wazima, wenye kisukari na wasiokuwa nacho.

Kipimo cha asubuhi moja hakitoshi kumhukumu mtu. Kipo kipimo kiitwacho HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa sukari kwa muda wa miezi 2 hadi 3 iliyopita. Mwongozo wa Uingereza huchukua asilimia 8.5 kuwa mpaka kwa upasuaji usio wa dharura, na madaktari wengine wa mgongo hutaka isizidi 7.5 au 8. Kwa kuwa kipimo hiki hubeba habari ya miezi, hakiwezi kushushwa kwa kufunga kula siku mbili. Mwenye kuambiwa arudi baada ya miezi 3 amepewa muda unaolingana na kipimo chenyewe.

Pili ni uzito. Mafuta ya mwili hupitiwa na damu kidogo, na yanapokuwa mengi mgongoni jeraha huwa refu na la kina, na upasuaji huchukua muda zaidi. Hatari ya damu kuganda miguuni nayo huongezeka. Hata hivyo, haifai mtu kujinyima chakula ili apungue kwa haraka. Jeraha hufungwa kwa protini, na mtu mnene anaweza pia kuwa na upungufu wa lishe au wa damu. Lililo bora ni kupunguza soda, halua, boflo na chai ya sukari nyingi, na kushikamana na samaki, mayai, choroko, kunde na mboga za majani. Mgonjwa atembee pia kila siku kwa kadiri mgongo utakavyomruhusu.

Tatu ni tumbaku, ya kuvuta na ya kutafuna. Nikotini hubana mishipa ya damu na huzuia mfupa mpya kuota, kiasi kwamba pingili zilizounganishwa zinaweza zisishikane kabisa. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba anayeacha kuvuta tumbaku wiki 4 au zaidi kabla ya upasuaji hupunguza hatari ya kupata madhara.

Inasisitizwa, hata hivyo, kwamba kungoja huku hakuwahusu wagonjwa wa dharura. Mwenye maumivu ya mgongo anayeanza kushindwa kuzuia haja au kushindwa kukojoa, au anayepata ganzi sehemu za siri na baina ya mapaja, au ambaye miguu yake inaishiwa nguvu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Hapo sukari hudhibitiwa huku matayarisho ya upasuaji yakiendelea.

Kwa mintarafu hiyo, wananchi wanaombwa kuzingatia yafuatayo:

1. Kumweleza daktari dawa zote wanazotumia, zikiwemo za miti shamba. Baadhi ya vidonge vipya vya kisukari hapana budi visimamishwe siku 3 au 4 kabla ya upasuaji. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua.

2. Kutoacha wala kuongeza dawa kwa ushauri wa jirani.

3. Kuuliza kwa adabu, lakini bila ya kuona haya: kipimo changu ni kiasi gani, kinatakiwa kiwe kiasi gani, na nirudi lini?

Wakuu wa idara nao wanakumbushwa kwamba mtumishi aliyeahirishiwa upasuaji hajapona, wala hajifanyi mgonjwa. Apewe ruhusa ya kuhudhuria kliniki, na asipangiwe kunyanyua mizigo.

Ndugu wananchi, wenye kisukari nao hupasuliwa mgongo, na wengi hupata nafuu. Tofauti kubwa hutokana na hali waliyoingia nayo. Fundi hapandishi ukuta juu ya msingi ambao haujakauka, na mwenye nyumba hamlaumu kwa kungoja. Tumpe daktari, na tuupe mwili, muda wa namna hiyo.