Kitabu cha parsele: tujifunze kukiuliza



Leo tunaongea juu ya parsele. Hatuongei juu ya bei, kila mutu anajua vile bei imepanda. Tunaongea juu ya kitabu. Kuko kitabu ndani ya biro ya mambo ya udongo, na mule njo kunaandikwa nani ana haki juu ya kila kipande cha udongo wenye umepimwa. Wengi wetu tumezaliwa ndani ya parsele, tumesikia wazazi wakigombana na majirani juu ya mupaka, tumeona jamaa zikifukuzwa asubuhi na polisi. Lakini ni wangapi kati yetu wamekwisha kuona hata ukurasa moja wa kile kitabu? Wenye kukijua vizuri ni makomisioneri, na njo maana wanatushinda.

Tuanzie kwa sheria, juu ya mutu mwenye hajui sheria anaogopeshwa na kila kashe.

Sheria ya udongo ya Kongo ni ile namba 73-021 ya tarehe 20 mwezi wa 7, 1973, ikarekebishwa 1980. Artikle 53 inasema udongo ni mali ya Leta peke yake, na Leta haiwezi kuuuza. Kwa hiyo kile tunaita "kununua parsele" si kununua udongo. Ni kununua haki ya kuutumia, pamoja na vyenye vimejengwa juu yake. Hiyo haki inaitwa konsesio. Mukongomani anaweza kupewa konsesio ya milele. Wageni na makompani wanapewa ile ya myaka, isiyopita 25, yenye wanaweza kurudilia.

Sasa, hiyo haki inaonyeshwa na nini? Artikle 219 inajibu: kwa sertifika ya anrejistrema. Hapa wengi wanashituka. Fishi parselere yenye ulipata kwa kartie haiko sertifika. Akti ya vante yenye mulisinya mbele ya mashahidi wane na shefu wa avenyu haiko sertifika. Vinasaidia, vinaonyesha namna parsele ilikufikia, musivitupe hata kidogo. Lakini siku mwingine atakuja na sertifika, yeye njo atasikilizwa wa kwanza.

Sertifika inaandikwa mara mbili. Moja inabaki biro, inakuwa ukurasa wa kile kitabu. Ya pili anapewa mwenye haki. Juu yake kunaandikwa namba ya voliumu na namba ya folio, maana yake kitabu gani na ukurasa gani. Kama mutu anakuonyesha sertifika yenye haina voliumu na folio, rudisha franga zako mufukoni. Na kama ziko, hujamaliza bado: karatasi ya mukononi lazima ifanane na ile yenye iko ndani ya kitabu. Yenye iko mukononi inaweza kutengenezwa kwa mashine yoyote ya muji. Kwa hiyo mwenye hawezi kuuliza kitabu ananunua akiwa amefunga macho.

Tunafika kwa artikle 227. Tunawaomba muikumbuke hata kama mutasahau zingine zote. Inasema sertifika ni ushuhuda kamili, na haki yenye iko ndani haishambuliwi tena; mwenye anaumia anabaki na kudai malipo ya hasara tu. Lakini inaacha mulango moja wazi: kama sertifika ilipatikana kwa makosa ao kwa ujanja, unaweza kuomba irekebishwe, na muda wa kufanya hivyo ni myaka 2.

Musikilize vizuri. Mutu anaweza kwenda na dosie ya uongo, akaandikisha parsele ya mama yako kwa jina lake, halafu akarudi kwake na kunyamaza. Hatakuja na polisi kesho. Atangoja. Mama anaendelea kulima sombe nyuma ya nyumba, anasalimia majirani, hajui kitu. Myaka 2 ikipita, ule mutu anatoka na karatasi yake. Saa imekimbia ndani ya kitabu chenye mama hajawahi kuoneshwa. Njo maana tunasema kuuliza kitabu ni kazi ya kila jamaa, si ya ma-avoka na matajiri peke yao.

Basi tunauliza wapi, na namna gani?

Kuko milango miwili, na watu wanaichanganya. Wa kwanza ni kadastre. Ile ni biro ya kupima: inaweka mawe ya mupaka, inachora karata, inatoa kroki, inapea kila parsele namba yake. Wa pili ni konservatere wa titre imobiliere. Yeye njo analinda kitabu, anasinya sertifika, anaandika wakati haki inatoka kwa mutu moja kwenda kwa mwingine, na anaandika pia ipoteki, maana yake kama parsele imewekwa rehani banki. Kadastre inakuambia parsele iko wapi na ukubwa wake ni gani. Konservatere anakuambia ni ya nani na kama ina deni. Ukienda kwa mulango moja tu, umepata nusu ya habari.

Kwanza, fungueni sanduku ya nyumbani. Kila karatasi yenye inataja parsele, muipige foto, muitumie kwa ndugu wawili ao watatu wenye wanaishi fasi ingine. Moto, maji na vita havichague.

Pili, mutafute namba ya kadastre. Jina la avenyu na namba ya nyumba havitoshi, juu majina ya avenyu yanabadilika. Nani hajui vile Goma ilibadilika tarehe 17 mwezi wa 1, 2002, wakati lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya muji mupaka ziwani? Watu walirudi wakajenga juu ya jiwe jeusi, lakini jiwe la mupaka lilibaki chini. Fasi kama hiyo, namba na karata njo kumbukumbu yenye inabaki.

Tatu, muandike barua kwa konservatere. Fupi. Muandike komine, kartie, namba ya parsele, na maulizo matatu: nani ameandikwa kama mwenye haki, tangu tarehe gani, na kama kuko ipoteki ao kizuizi chochote. Muende na kopi mbili, na ile moja wawapigie kashe na tarehe ya kuipokea. Bila ile kashe, kesho watasema hawajawahi kuona barua yenu.

Ine, malipo. Kama wanawaambia kuko kitu cha kulipa, muombe note ya persepsio. Franga za Leta zinalipwa banki kwa ile karatasi, na banki inakupa resu. Franga zenye zinaingia ndani ya droa ya meza haziko za Leta. Wanaweza kuziita "transport", "crédit" ya telefone, kahawa ya shefu: yote ni matabishi.

Tano, kama hawajibu, musirudie kuomba kwa sauti ya upole myaka yote. Artikle 24 ya Katiba inasema kila mutu ana haki ya kupata habari. Artikle 27 inasema kila Mukongomani anaweza kuandikia wenye mamlaka petisio, peke yake ao pamoja na wengine, na wanapashwa kujibu ndani ya miezi 3. Hiyo silaha haina kelele na haina jiwe, na inaacha alama. Miezi 3 ikipita bila jibu, tunakuwa na ushuhuda wenye tarehe. Na kama mumegundua jina la mutu mwingine kwa parsele yenu, musingoje hata jibu: muende kwa avoka, na kwa tribinali ya grande instansi, mbele ile myaka 2 iishe.

Tunajua vile inaendaga. Mu muji moja, hatutauje, wenzetu walienda kuuliza parsele tatu. Biro moja iliwatuma kwa ingine, ile ingine ikawarudisha. Siku ya kwanza, mwenye ufunguo alikuwa hayuko. Siku ya pili, ufunguo uko, kitabu "kiko na shefu". Siku ya tatu waliulizwa: "Ninyi ni nani juu ya kuuliza?" Walijibu: "Ni wakaaji." Walirudi mara sita, na kila mara waliandika saa, siku, na jibu lenye walipewa. Mara ya sita, barua yao ilipigwa kashe. Inaonekana kitu kidogo, lakini kabla ya pale hakukuwa hata alama kwamba walifika.

Sasa tutoke kwa parsele ya jamaa, tuende kwa ya wote. Kiwanja cha mupira, uwanja wa shule, soko, makaburi, njia yenye ilipashwa kufika ziwani na leo inaishia kwa ukuta wa mutu. Artikle 55 ya ile sheria inasema udongo wenye unatumikia watu wote ni domeni ya Leta ya piblike, na hauwezi kupewa mutu kama bado haujaondolewa kwa ile kazi kufuatana na sheria. Kwa hiyo, siku munaona mawe na mchanga vinamwagwa ndani ya uwanja wa shule, ulizo si "nani huyu tajiri?" Ulizo ni: karatasi gani iliondoa uwanja huu kwa kazi ya shule, nani aliisinya, tarehe gani? Kama karatasi hakuna, ile sertifika imejengwa juu ya hewa. Muandike barua wakati bado ni mchanga. Nyumba ikifika kwa mabati, kila mutu anaanza kumuhurumia mwenye kujenga.

Kuko wenye wanatuambia: "Mukifungua kitabu, wezi watajua mali ya kila mutu." Tunajibu: wezi wanajua tayari, wako na watu ndani. Mwenye hajui ni mama wa sombe. Na hatuombi orodha ya mali za watu. Tunauliza parsele moja, kwa namba yake.

Kuko pia woga mwingine, na huo tunauheshimu juu ni wa nyumba zetu. Wazazi wengi wanasema: "Mukienda kuuliza, wataona sisi hatuna sertifika, watatufukuza." Ni kweli, kitabu kikifunguliwa kitaonyesha pia upungufu wetu. Lakini tufikiri. Kukaa bila kuuliza hakukupi sertifika. Kunampa mwingine wakati wa kuitafuta mbele yako. Jamaa yenye iko na fishi, na akti ya vante, na majirani wenye wanaijua myaka 20, iko na nguvu zaidi leo kuliko siku wale majirani watakuwa wamekufa ao wamehama. Na wajane, musikubali mutu awaambie hii ni kazi ya mashemeji. Barua inaandikwa na jina lenu, na sinyatire yenu.

Tunaomba nini kwa wenye kutawala? Mambo mane, na hakuna lenye linaomba mamilioni. Bei zote za Leta ziandikwe kwa ukuta wa kila biro ya udongo, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Kila barua ijibiwe kwa barua. Kila komine ibandike orodha ya viwanja, mashule, masoko na makaburi yenye ni ya wote, na namba zao za kadastre. Na vile vitabu vipigwe foto, kopi ilindwe fasi ingine, juu kitabu kimoja ndani ya nyumba moja, katika inchi yenye tunaijua, hiyo haiko ulinzi.

Na kwetu sisi? Wengi hapa tuko na diplome na hatuna kazi. Saa tuko nazo, kusoma tunajua, kuandika Kifaransa cha biro tunajua. Tuanze hivi: kila mumoja achukue jamaa moja ya avenyu yake, asome makaratasi yao pamoja nao, aandike barua yao, aende kupanga mustari pamoja nao. Hatusinye kwa fasi yao, hatushike karatasi zao za kweli, hatuombe hata franga 100. Tukishikwa na franga ya mutu hata mara moja, tumekuwa makomisioneri wenye tisheti.

Kila barua yenye imepigwa kashe, mututumie tarehe yake na kartie, bila majina ya jamaa. Tutahesabu miezi 3 pamoja, na zenye hazijajibiwa tutazipeleka kwa petisio moja, kwa amani, mikono mitupu, mbele ya kila mutu.

Sasa tuchukue maulizo yenu.