Volan Yenye Kucheza

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Bulambika



Mulituuliza sababu gani gari ilisimama wakati mbegu zenu zilikuwa zinangoja Bukavu. Muko na haki ya kuuliza. Tujibu wazi.

Gari yetu ni Land Cruiser ya zamani. Toka Bukavu mpaka Miti inatembea juu ya lami. Halafu inapanda Tshivanga, inapita pori la Kahuzi-Biega na kushuka huku kwetu juu ya udongo, mashimo na mawe. Njia hiyo inakula vyuma.

Volan ilianza kucheza. Shofere alikuwa anaizungusha upana wa kiganja mbele magurudumu hayajaitika. Alituambia. Tulimjibu: "Papa, tumalize kwanza safari hii." Kosa hilo ni letu. Nyuma tukaipeleka kwa fundi mmoja. Hakulala chini kuangalia. Alikaza skurubu ya sanduku la usukani, tukalipa, tukaenda.

Kwenye mteremko wa pori, kisha kona, volan ikakataa kurudi. Gari ikavuta upande wa bonde. Ndani mulikuwa mama mwenye mimba. Papa shofere aliisimamisha kwa nguvu za mikono yake. Hatukuzika mtu, lakini tulikuwa karibu.

Basi wenye magari, musikie. Usikaze kitu mbele ya kujua ni nini inacheza. Gari ikae chini, magurudumu yanyooke. Mmoja atikise volan kidogo, kushoto na kuume. Mwingine aangalie chini na kugusa kila kiungo. Kama volan inatembea lakini mkono unaotoka kwenye sanduku hautembei, ugonjwa uko kwenye sanduku ao juu yake. Kama mkono unatembea lakini gurudumu limelala, tafuta kwenye rotile. Angalia pia buloni zinazofunga sanduku kwenye chasi. Kisha nyanyua gurudumu, weka egemeo la nguvu, ulitikise. Likicheza kushoto na kuume, mara nyingi ni rotile. Likicheza juu na chini, angalia rulema.

Kwetu, rotile mbili zilikuwa zimekwisha na sanduku lilikuwa zima. Ni ile skurubu iliyokazwa bure ndiyo ilifunga volan. Fundi wa pili aliilegeza magurudumu yakiwa yamenyooka. Alihesabu mizunguko wakati wa kufungua rotile, ili mpya zirudi mahali pale pale. Akaweka gupiya mpya, si waya. Mwisho akapima kama magurudumu yanaangalia mbele sawasawa, juu yasipofanya vile mipira inakwisha upesi.

Marafiki, munatupa pesa ya mazuti, na tunashukuru. Lakini katika bajeti tuliyowaandikia hatukuweka mstari wa vipuri. Tunaomba mstari huo. Rotile mbili hazilingani na bei ya gari, wala na uhai wa mtu.

Wanachama, tunapendekeza kila safari iache kiasi kidogo ndani ya sanduku la gari, na mweka hazina asome hesabu yake hapa kila mwezi.

Na sheria moja tunaiweka leo: shofere akisema gari haiendi, haiendi. Hata sisi wa ofisi hatuna ruhusa ya kumulazimisha.