Orodha ya Kikundi Ilindwe Inapohama Programu



Kuanzia Kakola hadi Katoro, vikundi vya mama lishe, bodaboda na wachimbaji wadogo huandaa orodha za wanachama ili kuomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mara nyingi orodha huandikwa kwenye simu, hutumwa kwa WhatsApp, kisha hunakiliwa na kubandikwa kwenye kompyuta ya duka la stesheneri. Hapo ndipo huharibika, na lawama humwangukia katibu asiye na kosa.

Sababu ni hii. Programu nyingi huhifadhi herufi pamoja na maelekezo yasiyoonekana: hapa wino mzito, hapa mstari wa jedwali, hapa namba. Mara nyingi programu mbili hazitumii maelekezo ya namna moja. Unapobandika, inayopokea huchukua inachokielewa na kuacha kingine. Jedwali la Word likibandikwa WhatsApp, mistari hutoweka. Jina na kiasi hubaki bila mpaka.

Hasara kubwa zaidi imo katika namba. Excel huidhani namba ya simu kuwa hesabu, ikaondoa sifuri ya mwanzo. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, ilhali Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za hesabu. Ikibandikwa bila vistari, tarakimu 5 za mwisho hugeuka sifuri. Tarehe ya kuzaliwa husalia, lakini mwenye namba hatambuliki tena. Wala kupanua safu hakuzirudishi.

Basi tufanye mambo matatu. Kwanza, kabla ya kubandika, safu za simu na NIDA zipangwe kuwa maandishi, si namba. Pili, orodha iliyokamilika itumwe kama faili la PDF, ambalo hutunza mpangilio. Tatu, kabla ya kusaini, katibu aisome nakala iliyochapishwa, tarakimu kwa tarakimu, naye mwenyekiti aifuatilie kwenye vitambulisho vyenyewe.

Ndugu zangu, kompyuta haisaini fomu ya mkopo, mnasaini ninyi.