Fundi wa Saluni: Angalia Cheti, Angalia Vifaa

  Leo tunaongea juu ya saluni na kinyozi. Shule zinapokaribia kufunguliwa, watoto hupelekwa kunyolewa na kusukwa. Je, fundi unayemkabidhi kichwa cha mwanao ameruhusiwa na nani kufanya kazi hiyo?

Ukiingia saluni, mara nyingi utaona karatasi imetundikwa ukutani. Hicho ni kibali cha biashara. Zamani kilitolewa na mabaraza ya miji na wilaya. Tangu mwaka wa 2013, hutolewa na serikali ya kaunti. Kibali hiki ni cha lazima, na kina tarehe ya mwisho. Lakini sikiliza vizuri, mama: kibali hiki ni cha duka, si cha mikono ya fundi. Kinaonyesha kwamba mwenye saluni ameruhusiwa kufanya biashara mahali pale. Hakionyeshi kwamba anayekutengeneza kucha amefunzwa kazi.

Ujuzi wa fundi una cheti chake. Mamlaka ya mafunzo ya viwanda, yaani NITA, hutoa mtihani wa ufundi ambao wengi huuita gredi. Gredi ya 3 ndiyo ya kuanzia, kisha ya 2, halafu ya 1. Kuna mtihani wa ususi na wa urembo. Wengine wana vyeti vya vyuo vya ufundi.

Kwa nini cheti ni muhimu? Chukua dawa ya kulainisha nywele. Ina kemikali kali inayoweza kuunguza ngozi ya kichwa. Aliyefunzwa hukagua kichwa kwanza, huangalia saa, na hakubali kuipaka penye kidonda. Mtoto mdogo usimpake kabisa.

Hata hivyo, cheti hakisafishi wembe. Virusi vya homa ya ini aina ya B hukaa katika damu, hata ile kidogo isiyoonekana kwa macho. Nje ya mwili vinaweza kuishi siku 7 au zaidi. Watoto hupata chanjo yake wakiwa na wiki 6, 10 na 14, lakini watu wazima wengi hawakuchanjwa. Na mashine chafu au kitana huambukiza mashilingi ya kichwa, ambayo mara nyingi hutibiwa kwa dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa. Mafuta ya kupaka peke yake hayatoshi.

Kwa hivyo, kabla hujaketi, fanya mambo haya:

1. Soma kibali. Je, tarehe yake imepita?

2. Uliza kwa heshima: "Dada, ulisomea wapi kazi hii? Naomba kuona cheti chako."

3. Angalia vifaa. Vifaa vya kucha vioshwe kwa sabuni, kisha viloweshwe kwa dakika 10 katika Jik iliyochanganywa: kikombe 1 cha Jik ya asilimia 3.5 kwa vikombe 6 vya maji. Baadaye visuuzwe na kukaushwa.

4. Wembe uwe mpya, na ufunguliwe ukiona. Ukiweza, beba wako pamoja na taulo na kitana.

Na ukiona uchafu na mwenye saluni hataki kusikia? Ripoti kwa afisa wa afya ya umma wa eneo lako. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inampa uwezo wa kukagua mahali hapo na kuamuru pasafishwe.

Usione haya kuuliza, mama. Fundi aliyesoma hufurahia kuonyesha cheti chake. Anayekasirika, mwache, utafute mwingine. Kinga ni bora kuliko tiba.