Tarakimu Moja na Haki ya Mlipaji

Mtengeneza programu wa ofisini hashindi akibonyeza vitufe tu. Asubuhi huhakikisha kwamba nakala ya kumbukumbu za jana imehifadhiwa. Mchana huwasikiliza makarani waliokwama. Jioni hutafuta kosa ambalo huenda ni alama moja iliyosahauliwa. Yeye huamini kwamba kompyuta haina huruma wala hila: hutunza kile ilichopewa. Tarakimu moja ikikosewa katika namba ya kizimba cha muuza mboga, ushuru aliolipa huhesabiwa kwa jirani, naye huitwa mdaiwa. Basi, kabla ya kuondoka dirishani, kila mlipaji asome stakabadhi yake: jina, namba ya kizimba na kiasi. Kosa likiwahiwa husahihishwa. Likikawia huzaa shauri.